Ukavu wa Tukuyu

Pa. Ilikuwa sauti fupi na kavu, kama ya njiti ya kibiriti inayovunjwa na mtu aliye chumba cha pili, nami niliisikia mchana wa jua kali nikiwa nimejilaza katika chumba cha kupanga mjini Dodoma, karatasi za tasnifu yangu zikiwa zimetandazwa kitandani kando yangu. Sikuinuka. Kwa desturi yangu nilianza kutafuta maelezo kabla ya kutafuta chanzo: bati hutanuka likipata joto; mjusi hukimbia darini; mpangaji mwenzangu huenda alikuwa akimenya karanga. Maelezo yote matatu yalifaa, na yalinitosha, hadi sauti ile iliporudi nikiwa nimetazama juu, nikaiona taa yangu, iliyoning'inia pasipo upepo wowote, ikitikisika kidogo kwenye waya wake. Taa ile niliisuka kwa mikono yangu mwenyewe mjini Tukuyu. Nyingine, zilizotokana na mianzi ileile, zilikuwa zimefungwa katika maboksi kwenye karakana yetu ya Ibighi, kulekule Tukuyu, zikisubiri lori la kuzileta katika mji huohuo nilimokuwa nimelala.

Nimeikumbuka sauti hiyo mwaka huu kwa sababu tumemzika Baba Ambakisye, mzee aliyenifundisha kusuka. Tulimzika kwake Masoko, kati ya migomba na mibuni aliyoipanda mwenyewe, na baada ya mazishi, wakati wanawake wakipakua ndizi na nyama kutoka kwenye masufuria makubwa, Sekela alinishika mkono akaniingiza katika jiko la marehemu. Jiko lile lina kuta za mianzi zilizokandikwa udongo, na dari yake imekuwa nyeusi kwa moshi hata inang'aa kama iliyopakwa vanishi. Juu ya mafiga, fito zilikuwa zimepangwa kama siku zote, zikingoja zamu yao ya kuwa taa. Tulisimama chini yake, watu wazima wawili wenye miwani, tukanusa harufu ambayo leo wateja wetu huisoma kwenye kikaratasi kabla ya kuinusa: taa hii itanukia moshi kidogo kwa miezi ya mwanzo. Sekela alifuta macho kwa ncha ya khanga, kisha akarudi kuwa mkurugenzi.

"Wageni wanauliza historia ya kampuni," aliniambia. "Nataka kitu cha kutundika ukutani pale mlangoni. Uandike wewe."

"Kiasi gani?"

"Ukurasa mmoja, Vene. Nakujua. Nimesema mmoja."

Nilijaribu. Niliandika kwamba kampuni inasanifu na kutengeneza taa za mapambo kwa mianzi ya milima ya Rungwe, kwamba ilianzia katika chumba kimoja, kwamba kazi zake sasa zinaning'inia katika hoteli, makanisa na sebule za watu nchini. Kila sentensi ilikuwa ya kweli, na hapakuwa na mtu hata mmoja ndani yake. Ukurasa huo Sekela ameshautundika, na unafaa kwa ukuta. Haya ninayoandika hapa ni ya mwaka mmoja tu, ule niliokaa Ibighi, kwa kuwa naamini kampuni ile ilizaliwa mara mbili na mara ya pili nilikuwapo.

Mara ya kwanza sikuwapo, lakini nimesimuliwa na waanzilishi wote watatu, kila mmoja akijipa sehemu kubwa zaidi. Ilianza kwa kero ya macho. Sekela, ambaye tuliwahi kulala chumba kimoja tukisoma shahada ya kwanza, alikuwa amerudi kwao Tukuyu na kupanga nyumba iliyokuwa na balbu tupu katikati ya dari, na balbu ile ilimchoma macho kila alipoinua uso kutoka kwenye kushona. Jioni moja alichukua kikapu cha kuchumia chai kilichotoboka kitako, akakipindua, akakivika balbu. Kuta zilijaa kivuli cha ususi, mistari iliyopishana kama majani ya mgomba yakipitwa na jua. Jirani yake, Dada Zuhura, aliyekuwa na duka la vitambaa, waya na holda pale mbele, aliingia kuomba chenji akasimama mlangoni.

"Hicho unauza?"

"Hicho kikapu cha chai, dada."

"Sijauliza ni nini. Nimeuliza unauza?"

Hawakujua aliyekisuka, wakaenda kumtafuta. Walipelekwa kutoka mtu hadi mtu mpaka Masoko, kwa mzee mwembamba mwenye kofia ya sufu, ambaye alisikiliza maelezo yao yote, akaomba aelezwe tena pole pole, kisha akataka kujua kama kweli kuna watu mjini wanaotaka kulala chini ya kikapu. Alipohakikishiwa kuwa wapo, alisema yuko tayari kuwasaidia katika shida hiyo. Tangu siku ile kampuni ilikuwa na watu watatu: Sekela wa kuchora, Baba Ambakisye wa kupasua na kusuka, na Dada Zuhura wa umeme, fani aliyojifunza kwa kaka yake na ambayo hakumruhusu mtu mwingine aiguse.

Mimi nilifika kampuni ikiwa bado changa, nami nikiwa nimevunjika kwa namna ambayo sikuweza kuieleza. Nilikuwa nasoma shahada ya uzamili, nikichunguza namna mwanga unavyosambaa katika madarasa, na siku ya kuitetea tasnifu yangu mzee mmoja katika jopo la watahini alifunua ukurasa, akaweka kidole kwenye sentensi, akauliza kwa upole kabisa, "Unajuaje?" Jibu nilikuwa nalo. Nililiona limesimama kichwani mwangu, refu na kamili, lakini kila nilipotaka kulitoa niliona jibu jingine la kulipinga, na la kulipinga hilo tena, mpaka ukimya ukawa ndio jibu langu. Walinipa muda wa kujiandaa upya. Sekela aliposikia, hakunipa pole. Alisema tu kwamba kuna chumba.

Kilikuwa chumba chembamba kilichopakana na karakana, kimetengwa nayo kwa ukuta wa mbao, na dirisha lake lilitazama mteremko wa migomba ambao asubuhi nyingi haukuonekana kwa ukungu. Mvua ya Tukuyu sikuwahi kuizoea. Ilinyesha kama mtu anayeendelea na mazungumzo aliyoyaacha jana. Nguo zilianikwa siku kadhaa na bado zikavaliwa zikiwa na ubaridi. Chumvi ilishikana bonge ndani ya kopo na tuliikwangua kwa kijiko. Karatasi za tasnifu yangu zililegea kama kitambaa. Ukizifunua hazikutoa sauti. Hakuna aliyeyataja mambo haya, kama vile mtu asivyotaja kwamba ardhi iko chini. Mchana tulikula pamoja kwenye meza ya kusukia, tukisogeza fito pembeni: mbalaga, yaani ndizi za kupika, pamoja na maharage na vipande vya parachichi, au magimbi na maziwa ya mgando kama Baba Ambakisye alikuja na kibuyu kutoka nyumbani. Alikuwa akinisalimu kwa Kinyakyusa, "Ugonile, msomi," nami nikijibu "Ndaga," neno pekee nililokuwa na uhakika nalo.

Ukuta ule wa mbao haukuzuia chochote. Wiki ya kwanza, nikiwa nimejifunika blanketi alasiri, niliwasikia.

"Mgeni wako anakula kama anafanya mtihani," Dada Zuhura alisema. "Anaiangalia ndizi, ndizi inamwangalia."

"Mwache, dada. Alipata tatizo chuoni."

"Alifeli?"

"Hakufeli. Walimuuliza swali akanyamaza."

"Swali gani hilo?"

"Unajuaje."

"Unajuaje nini?"

"Hivyo tu. Aliandika jambo, mzee mmoja akamuuliza, unajuaje? Akanyamaza mpaka wakamwambia basi, nenda."

Koleo lilikata waya.

"Mimi mume wangu huniuliza swali hilo kila siku," Dada Zuhura alisema, "na sijawahi kunyamaza hata mara moja."

Nilicheka, nikauma blanketi wasinisikie. Nimejiuliza baadaye kama hicho ndicho kilichoniponya, na nadhani hapana. Watu hawaponywi na sentensi moja. Lakini siku iliyofuata niliingia karakanani nikaomba kazi, na Baba Ambakisye akanisogezea kigoda kabla sijamaliza kuomba.

Alianza kwa kunifundisha kusikiliza. Aliokota fito mbili, akazigonga moja kwa nyingine karibu na sikio langu. "Hii inasema bu," alisema. "Ina maji, bado mtoto. Sasa hii." Akagonga nyingine. "Hii inasema ka. Hii imekubali. Ukisuka mwanzi unaosema bu, kesho unalegea kama mkanda wa mlevi." Mianzi aliikata juu mlimani, akaipasua kwake, kisha akaipandisha darini jikoni kwa mkewe, juu ya moto, na huko ikakaa mpaka aikumbuke. Nilimuuliza kwa nini jikoni. Alisema baba yake aliiweka jikoni kwa sababu ya bungua, wale wadudu wanaotoboa mbao na kuacha unga, ambao hawapendi moshi. Hiyo ndiyo sababu iliyojulikana, na ilikuwa ya kweli. Kwamba kulikuwa na sababu ya pili iliyolala ndani ya ile ya kwanza, hakuna aliyeijua, wala yeye, wala Sekela, wala mimi niliyekuwa na shahada.

Niligundua polepole kwamba nilichokuwa nacho kichwani kilikuwa na kazi katika karakana ile. Taa za mwanzo zilipendeza ukutani lakini mezani ziliacha giza. Mtu aliona mapambo yote akashindwa kuona samaki wake. Nilichukua tochi, kikapu na karatasi nyeupe, nikaketi sakafuni nikisogeza fito, mbili kwa tatu, tatu kwa nne, mpaka nikapata mpangilio ambao ususi wake ulibana juu na kuachia chini, ili mwanga ushuke kama maji yaliyojaa bakuli na kuta zibaki na pete hafifu tu za kivuli. Sekela alizunguka taa ile mara kadhaa. Kisha akasema inafanana na ziwa la Masoko likitazamwa kutoka ukingoni, duara na kina, na hilo likawa jina lake. Tulikuwa tayari na Kiwira, yenye jina la mto wa huko, taa ndefu iliyolala kama daraja juu ya meza ya chakula; Masoko ndiyo iliyoanza kuulizwa na watu kwa jina. Nasema haya bila unyenyekevu. Taa ile ni nzuri, na mpangilio wake ni wangu.

Ndipo alipokuja mama mmoja mwenye ukumbi wa sherehe Dodoma. Alikuwa akitoka msibani Kyela, akala chakula cha mchana katika hoteli yenye taa zetu, akauliza zinatoka wapi. Alikuwa mwanamke wa maneno machache na pochi kubwa. Alisimama katikati ya karakana, akaiinua Masoko kwa mikono miwili, akaigeuza, akaikubali kwa kichwa, kisha akaisogeza puani.

"Nzuri sana. Ila inanuka jiko."

Sekela hakuelewa. "Inanuka nini, mama?"

"Jiko. Moshi. Watu wangu watakuja wamevaa suti, mwanangu, hawatataka kurudi wananuka maandazi. Nitengenezeeni za ukumbi mzima, lakini zisizonuka. Mkiweza hilo, nina dada zangu wawili wenye kumbi kama yangu."

Alipoondoka, sote wanne tulinusa taa ile, mmoja baada ya mwingine, kama watu wanaonusa maziwa. Hatukusikia kitu. Harufu ile ilikuwa nguoni mwetu na kwenye nywele zetu, na mtu hanusi kile alicho. Lakini Sekela aliumia. Hakuwa ameanzisha kampuni ili aambiwe ananuka jiko, na oda ile ndiyo ingeamua kama tungeendelea kuwa kampuni au tungerudi kuwa watu watatu wenye kikapu. Kufikia Jumapili alikuwa amechora banda la kukaushia nyuma ya nyumba: nguzo, paa la nailoni nyeupe, kuta za wavu, na dawa ya bungua ya kununua dukani. Niliogopa Baba Ambakisye angekasirika. Banda lilipojengwa alilizunguka akiwa ameweka mikono nyuma, akasema ni zuri kuliko nyumba aliyoanzia ndoa yake.

"Na mke wangu atapumua," aliongeza. "Amechoka kupika chini ya mzigo wangu. Kila akikoroga mboga anaangalia juu."

Ilikuwa miezi ya kiangazi, au ile ambayo Tukuyu huiita kiangazi, na mianzi ilikaa bandani safi na ya manjano, haina doa. Baba Ambakisye alipoona siku zimetosha aligonga. Ka. Alinipa, nikagonga. Ka. Dada Zuhura, ambaye hakuwa na haja ya kugonga, aligonga pia. "Zimekubali," mzee alisema, na hakukuwa na uzembe wowote katika neno lile. Masikio yake yalikuwa yamesikiliza mianzi kwa maisha yake yote. Ila yalikuwa yameisikiliza huko Tukuyu tu. Ukavu ambao hewa ile ingeweza kuutoa, mianzi ilikuwa imeufikia, na hatukuwa na namna ya kusikia ukavu uliopita hapo, kwa kuwa hapakuwa na kitu chochote mjini kilichowahi kuufikia, isipokuwa fito zilizokaa juu ya moto wa jikoni. Sababu ya pili ya moshi ilikuwa hiyo. Tulikuwa tumeiondoa pamoja na harufu.

Tulisuka kwa furaha. Naukumbuka msimu ule kama wakati ambao mikono yangu ilijua kitu kabla sijakifikiria, na hilo kwangu lilikuwa geni kama kuota bawa. Sekela aliimba tenzi za kanisani kwa sauti ya pili, Dada Zuhura akamwambia kila mara kwamba sauti ya kwanza inamsubiri. Taa zilipokamilika zilijaza chumba changu pia, nikalala kati ya maziwa madogo mengi ya mianzi. Kisha chuo kiliniita. Tarehe ya kutetea tasnifu kwa mara ya pili ilikuwa imepangwa, nami nikapanda basi kwenda Dodoma siku chache kabla ya shehena yetu. Sekela aliniambia nichukue taa moja. "Watundikie hao wazee," alisema. "Wakikuuliza unajuaje mwanga unashukaje, washa." Nilichagua ile niliyoisuka mimi tangu fito ya kwanza hadi ya mwisho.

Hivyo ndivyo taa ile ilivyofika juu ya kitanda changu. Niliposimama kwenye kiti kuikagua niliona ufa mwembamba kama unywele uliokimbia kutoka kifundo hadi kifundo, na mwingine unaoanza. Nilishuka nikatafuta sababu za kuitetea. Huenda niliisuka vibaya. Huenda iligongwa ndani ya basi. Mtu mwingine angepiga simu saa ileile. Mimi nilitandaza taulo lenye maji juu ya ndoo chini ya taa, nikafunga madirisha, nikaketi kusikiliza. Mchana ule taa ilinyamaza. Kesho yake niliondoa taulo, nikafungua madirisha, na jua lilipokaza juu ya bati, pa. Nilirudisha taulo, ikanyamaza. Niliondoa, ikalia. Ndipo nilipoishika tasnifu yangu kujisahaulisha, na ukurasa ukalia nilipoufunua. Ulilia waziwazi, kwa ukavu wa karatasi mpya. Pembe zake zilikuwa zimeanza kujikunja. Karatasi zilezile zilizolegea kama kitambaa kule Ibighi zilikuwa zimekauka mara ya pili, huku Dodoma, na midomo yangu mwenyewe ilikuwa imepasuka bila mimi kuuliza kwa nini.

Nilijua, basi. Lakini kujua kwangu siku zile kulikuwa kitu dhaifu, chenye kuomba ruhusa. Niliandika ujumbe kwa Sekela nikaufuta, kwa sababu ulikuwa na neno "huenda" mara nyingi. Niliandika mwingine usio na "huenda" nikaufuta kwa kuwa ulikuwa na uhakika nisioweza kuuthibitisha kwa taa moja. Nilifikiria kuomba kipima unyevu chuoni, kupima, kuandika taarifa yenye jedwali. Nilifikiria oda ile, na dada wawili wenye kumbi, na Sekela akinusa taa yake mwenyewe huku akijaribu kutoonyesha alivyoumia. Nikikosea, nitakuwa nimeiua kampuni kwa sababu ya taulo. Nikinyamaza na niwe sahihi, taa zitaanza kulia juu ya vichwa vya watu waliovaa suti, moja baada ya nyingine, na hakuna Mnyakyusa mwenye kikapu atakayeitwa tena mjini. Nikiwa mtu mzima sasa, ninayewauliza wanafunzi wangu swali lilelile nililoulizwa, naona kwamba sikuwa nikipima mianzi. Nilikuwa nangoja jambo ambalo lingenijibia, ili nisilazimike kufungua kinywa. Hakuna jambo la namna hiyo. Ushahidi wote ukishawekwa mezani, bado kuna mtu lazima aseme.

Mchana wa siku ya shehena nilichukua simu nikapiga kabla sijafikiria maneno. Iliita kwa muda mrefu. Nyuma ya sauti ya Sekela kulikuwa na mvua, ile mvua yao, ikipiga bati.

"Vene. Umeshatoka kwa wazee?"

"Kesho. Mko wapi?"

"Mjini Kiwira, barabarani. Lori la ndizi limekubali kutubeba. Baba yuko juu anapanga maboksi kama anapanga mayai, amewakataza vijana wa lori wasiguse. Zuhura anagombana na dereva kuhusu turubai."

"Yashusheni."

"Nini?"

"Maboksi. Msiyalete. Mianzi haijakauka."



"Tuligonga kila fito," Sekela alisema. "Wewe mwenyewe uligonga."

"Imekauka kwa Tukuyu. Huku inapasuka. Yangu imepasuka."

"Yako. Moja?"

"Moja."

"Vene, yule mama anafungua ukumbi Jumamosi. Nikimwambia hazipo, atanunua za plastiki Jumatatu, na sisi atatusahau. Unanielewa ninachokuambia? Lori liko hapa. Unajuaje si hiyo moja tu?"

Alikuwa amelitamka bila kukumbuka, nina hakika. Nilipanda kwenye kiti nikaisogeza simu karibu na taa, ili imjibu yenyewe. Nilingoja. Jua lilikuwa kali, bati lilikuwa la moto, taulo lilikuwa mbali. Taa haikusema kitu. Nilingoja tena, mkono ukianza kuuma, na mianzi ile iliyokuwa imelia mchana baada ya mchana ilining'inia mbele ya uso wangu kimya kabisa.

"Nasikia kimya," Sekela alisema kutoka mbali.

Nilishuka kwenye kiti nikaiweka simu sikioni.

"Najua kwa sababu nimekaa nayo," nilisema. "Hewa ikiwa na maji inanyamaza, ikikauka inapasuka, nimeibadilisha mara nyingi na haijanidanganya. Sikuisuka vibaya. Zote zimetoka banda moja. Zile za jikoni kwa mama hazikuwahi kupasuka popote, kwa sababu moto ulizikausha kupita hewa ya huko. Hatukuwa tunalijua hilo. Sasa tunalijua."

Nilisikia mlango wa lori, na Dada Zuhura akimwambia mtu kwamba turubai hilo hata mbuzi hajifuniki. Kisha Sekela alisogeza simu kando ya mdomo, na sauti yake ikapaa juu ya mvua.

"Baba, shusha."

"Nishushe nini?"

"Zote, Baba. Zirudi darini jikoni kwa mama."

Kutoka juu, kati ya ndizi, nilimsikia mzee akisema kwamba habari hiyo atampelekea mkewe mtu mwingine, yeye ana watoto wanaomtegemea. Dada Zuhura alicheka. Sekela hakucheka. Alirudi kwenye simu, na alipozungumza, alizungumza taratibu, kama mtu anayepanga maboksi.

"Yule mama nitampigia sasa hivi. Nitamwambia zitachelewa, na zikija zitanuka jiko. Lakini ataniuliza swali hilohilo, Vene, na mimi sina taulo."

"Mpe namba yangu," nilisema.